Waya wa Zamani Ulikuwa Unalalamika

Alfajiri yangu ya kwanza kwenye laini ya umeme ya msongo mkubwa nilimkuta foromani wetu amesimama chini ya mnara, kofia ngumu ameivua, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kunitazama, kisha akaniuliza, "Unaisikia inavyokaanga?"

Nilisikia. Umande ulikuwa bado haujakauka juu ya vikombe, vile vihami vinavyoushika waya usiguse mnara, na kutoka juu ilishuka sauti kama ya karai la mandazi mafuta yanapoanza kupata moto. Nilidhani kila laini kubwa hulia hivyo. Akasema hapana, mnara huu unalia kuliko ule tuliotoka, lete darubini tuhesabu. Mnyororo wa katikati ulitakiwa uwe na vikombe kumi vya kioo. Vizima vilikuwa vinane. Viwili vilikwisha kupasuka, vimebaki vishina vya chuma tu, kama meno yaliyovunjikia kwenye ufizi. Foromani akaandika namba ya mnara kwenye daftari lake lililolowa jasho, tukaendelea na safari kwa miguu.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza. Kikombe cha kioo kikipata ufa hakibaki na ufa, kinasambaratika chote, na mtu aliye chini anaona pengo. Vya kauri ni wasiri kidogo, vinaweza kuficha mstari mwembamba kama unywele, lakini hata vyenyewe ukivisikiliza wakati wa umande vinajitaja. Waya nao ulikuwa na maneno yake. Uzi mmoja wa alumini ukikatika unachomoza nje kama mwiba. Maungio yakichoka yanabadilika rangi. Mzee yule alikuwa ametembea chini ya laini ile zaidi ya miaka ishirini na alikuwa anaijua kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, hadi yule mwenye kukohoa.

Laini yenyewe sitaitaja, wala kampuni ya ukandarasi niliyoifanyia kazi. Ni ya kilovolti 132, inapita kwenye mkonge na mihogo, na rika lake ni lile la mwanzo wa umeme wetu mkubwa wa maji, enzi ambayo kituo cha Hale, mwaka 1964, kilianza kutoa megawati 21 na ikawa habari. Leo mtambo mmoja tu kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ni wa megawati 235. Minara iliyosimikwa kwa ajili ya mashine za mkonge na taa za miji midogo inatakiwa ibebe friji, viwanda, pampu za maji na mashine za kusaga za vijiji ambavyo wakati ule havikuwapo kwenye ramani.

Waya uliokuwa juu ni ule wa kawaida wa laini nyingi za zamani, alumini iliyosukwa kuzunguka kiini cha chuma. Alumini inabeba umeme, chuma kinabeba uzito. Waingereza waliozitengeneza nyaya hizi walizipa majina ya wanyama, na Wamarekani wakazipa ya ndege. Wetu uliitwa Wolf, mbwa mwitu: nyuzi 30 za alumini, 7 za chuma, kila uzi milimita 2.59, na unene wa waya mzima unakaribia kidole gumba. Foromani alikuwa akitazama mita za kituo cha kupoza umeme saa mbili usiku, watu wote wamewasha taa na televisheni, anasema, "Mbwa amebebeshwa leo."

Na mbwa akibebeshwa anachoka kwa namna moja tu. Umeme ukizidi waya unapata moto, ukipata moto unarefuka, ukirefuka unashuka. Waya wetu ulipimiwa nyuzi joto 75 tangu mwanzo. Juu kidogo ya 90 alumini yenyewe huanza kulainika, na ikishalainika hairudi. Mchana wa Februari upepo ukikata, jua la utosini likakutana na mzigo mkubwa, hapo ndipo ilipokuwa kasheshe. Mama mmoja mwenye shamba la mihogo alitwambia, "Hizi nyaya zenu asubuhi ziko kwao. Ikifika saa nane zinakuja kunisalimia." Tukaenda na kipimo cha leza saa nane, tukakuta mama anajua kuliko karatasi zetu. Tarehe 14 Agosti 2003, katika jimbo la Ohio, nyaya zilizoshuka namna hiyo ziligusa miti, na hadi jioni watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada walikuwa gizani. Jambo ambalo sijalisahau katika habari ile si miti. Ni kwamba programu ya kengele kwenye chumba cha waongozaji ilikuwa imekufa, haikusema imekufa, nao wakaendelea kuangalia skrini iliyotulia wakidhani mambo ni shwari.

Njia za kuiponya laini kama hiyo zilikuwa chache. Ujenge mpya pembeni, maana yake mkuza mpya (ile njia ya ardhi inayoachwa wazi chini ya nyaya), tathmini, fidia, na miaka ya mikutano ya vijiji. Uweke waya mnene zaidi, minara isimame inatetemeka kwa uzito ambao haikuuzoea. Au ubadilishe aina ya waya, unene ule ule, minara ile ile, mkuza ule ule. Wakubwa wakachagua hii ya tatu, na mpaka leo naona walichagua vizuri.

Waya mpya una kiini cha nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu na kufunikwa na nyuzi za kioo. Kiini hicho kikipata joto hurefuka kama moja ya saba tu ya chuma, kwa hiyo waya unaweza kufika nyuzi joto 180 na bado haujamfuata mama kwenye mihogo yake. Nyuzi zake za alumini si duara. Zimekatwa mfano wa tofali zikabanana, hivyo katika unene ule ule alumini inaongezeka kwa zaidi ya robo. Wanasema unapitisha karibu mara mbili ya umeme, na ni kweli, ila wauzaji hawapendi kumalizia sentensi. Ukizidisha umeme mara mbili kwenye waya ule ule, unaopotea njiani kama joto unazidi mara nne. Ile nyuzi joto 180 ni ya siku ya dharura. Ukiifanya ya kila siku, unapasha hewa moto kwa pesa za wananchi.

Kabla ya kazi tulifundishwa siku mbili na mtu wa kiwandani. Waya haukatwi kwa mkasi wa vyuma, unakatwa kwa hakso. Puli ziwe kubwa, zile ndogo tulizozizoea zikae stoo. Vikombe vipya, vya mpira wa silikoni, havikanyagwi, na hapo vijana walicheka, kwa sababu mnyororo wa kioo sisi tuliuteremka kama ngazi. Kiini hakikunjwi. Foromani akanyoosha mkono. "Na ukikunjika, nitajuaje kama kimevunjika?"

Yule bwana akafikiri. "Hutajua," akasema. "Ndiyo maana tunasema usikikunje."

Mzee alinitazama, na ninaijua ile tazama. Ni ya mtu aliyeambiwa mbuzi mpya hana sauti.

Siku yenyewe ilikuwa ya kumalizia kipande cha mwisho kabla ya mnara wa kona. Kibali cha kazi kilikuwa kinaisha saa kumi na moja jioni. Saa hiyo laini ilitakiwa iwe imerudishwa, kwa sababu kituo cha pili hakikuwa na njia nyingine ya kulisha mji usiku. Foromani alikuwa upande wa winchi, kilomita mbili mbele. Mimi nilikuwa nasimamia upande wa ngoma za waya. Saa tisa na nusu kishikio kikateleza. Waya ukaruka, ukalala kwenye ukingo wa fremu ya ngoma, ukajikunja pale kama mkono uliowekwa juu ya kiti. Ni sekunde mbili tatu tu, kisha kijana mmoja akauinua kwa mabega yake, ukanyooka.

Nikaenda kuutazama. Nilipitisha kiganja juu yake taratibu, mbele na nyuma. Palikuwa na mchubuko mdogo kwenye alumini, urefu wa kucha. Waya wa zamani ukiukunja vile unatoa kitambi, nyuzi zinafumuka, kila mtu anaona. Huu haukuwa na kitu. Ulikuwa umenyooka, unang'aa, mzuri kuliko waya wowote niliowahi kuushika. Kuukata kungemaanisha kutupa mita nyingi za waya ghali, kuweka kiungo kipya, kukosa saa kumi na moja, na mji kulala giza. Foromani akauliza kwenye redio, "Kuna nini huko?" Nikajibu, "Kishikio kimeteleza mzee, ila waya uko sawa." Katika daftari niliandika neno hilo hilo, sawa, nikaweka sahihi.

Ulikaa wiki saba.

Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na alfajiri ile ilikuwa na baridi ambayo watu wa pwani huisimulia. Waya ukipoa hujikaza. Kabla ya saa kumi na mbili laini ikaanguka, yaani ikajizima kituoni, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na chombo cha kutuambia hitilafu iko wapi. Zamani relei, kifaa cha kituoni kinachogundua hitilafu na kuizima laini, ilikuwa ni sahani na springi, inaangusha kibendera kuonyesha ni eneo la karibu au la mbali, mengine utajua kwa soli ya kiatu. Niliwahi kutembea siku tatu kutafuta kikombe kimoja. Hii mpya ilikuwa na skrini, na skrini ikasema kilomita 31. Tukarukia gari tukifurahi kama watoto.

Kilomita 31 hapakuwa na kitu. Tukaenda 30, tukaenda 32, tukapanda kichuguu, tukarudi. Jua lilikuwa limeshachomoza simu ya foromani ilipoita. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani na mkuza. Namba ya mzee aliipata siku ya mkutano wa kijiji tuliofanya kabla ya kazi kuanza. Watoto wakienda shule, akasema, wameona waya umelala kwenye mkonge. Amewazuia, amesimama mwenyewe barabarani na fimbo, njooni. Shule ile iko kilomita ya 37.

Tulipofika alikuwa bado amesimama, kanga kajifunga kichwani kwa baridi, watoto nyuma yake kwenye mstari kama wanasubiri uji. Laini ilikuwa imezimwa upande wote, lakini yeye angejuaje? Tukapima, tukapiga ethi, yaani tukauunganisha waya na ardhi, ndipo tukamwambia wanaweza kupita. Akasema, "Nyaya zenu za zamani hazikuwa zikianguka hivi." Hatukuwa na la kumjibu.

Niliutambua mchubuko kabla sijaufikia. Tulikata kipande, tukachambua alumini uzi kwa uzi, na ndani kiini kilikuwa kimeachana, ncha zake zimechanika nyuzi nyuzi kama mwanzi uliovunjwa juu ya goti. Sehemu ya mvunjiko ilikuwa na vumbi, ya zamani. Sehemu nyingine ilikuwa safi, ya asubuhi ile. Wiki saba alumini laini na nusu ya kiini zilikuwa zimeshikilia mzigo bila kutoa hata mlio.

Nikamwambia foromani palepale, mbele ya vijana, kwamba niliiona siku ile na mimi ndiye niliyeandika sawa. Nilitegemea matusi. Alikichukua kile kipande, akakigeuzageuza. "Uliuangalia kwa macho ya waya ule mwingine," akasema, akakitia mfukoni. Matusi yalikuja baadaye, ofisini, kwa wakubwa, na niliyastahili.

Ile kilomita 31 nayo ilitusumbua mpaka tulipokaa na mafundi wa relei. Wakati wa kubadilisha waya tulibadilisha pia ule wa juu kabisa, wa kukinga radi. Wa zamani ulikuwa chuma kitupu, na mpya una nyuzi za mkongo wa mawasiliano ndani yake, na umeme wa hitilafu hupita humo kwa urahisi zaidi ya kwenye chuma. Waya ukianguka chini, sehemu ya umeme hurudi kituoni kwa ardhi na sehemu kwa waya ule wa juu. Relei inakadiria umbali kwa kupima jinsi njia hiyo inavyopinga. Sisi tulibadilisha njia na hatukubadilisha namba ndani ya relei. Ilikuwa inapiga hesabu ya laini ambayo haipo tena, na ilipiga kwa uhakika, hadi nukta ya desimali. Yule fundi alirekebisha kwa dakika kumi akinywa chai. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia mradi umekamilika, swali langu la kwanza ni nani aliyeingiza namba mpya kwenye relei na lini.

Kituoni nako tulikuta mengine ya aina hiyo. Waya ulikuwa na uwezo mara mbili, lakini visu vya kutenganishia laini na transfoma za kupimia umeme zilikuwa za mwaka wa babu, kwa hiyo uwezo mpya ulikwama kwenye geti la kituo. Miezi mingi tulikuwa na barabara ya njia nne inayoingia kwenye daraja la mtu mmoja. Hiyo sitaizungumza sana, ilikuwa ni mambo ya bajeti.

Baada ya ajali tulibadilika. Waya ukianguka, ukikunjika, ukikwama, kinakatwa kipande, hata kama unang'aa, na hakuna mtu wa kuulizwa kwa nini amechelewesha. Vikombe vya silikoni sikuvipenda mwanzoni, maana navyo huoza kwa ndani, lakini upande wa bahari vimetuokoa. Chumvi na vumbi vikishikana kwenye kauri, mvua nyepesi ya kwanza ilikuwa inaangusha laini. Silikoni inayakunja maji yawe matone matone, hayatandi. Droni tunazo, na kamera ya joto, na hapo pia tulijifunza kwa aibu. Tulirusha saa sita mchana tukapata picha safi, maungio yote baridi, tukaandika ripoti. Maungio mabaya yanapata moto wakati wa mzigo, na mzigo wetu ni jioni. Tuliporudia jua linazama tukakuta mawili yanawaka kama makaa.

Na kuna lile la minara. Siku moja kwenye mafunzo tulionyeshwa picha ya ndoano iliyolika, ya laini ya California iliyojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Chuma kilisuguana na chuma kwenye tundu, miongo kwa miongo, mpaka mwezi Novemba 2018 ndoano ikakatika, waya ukagusa mnara, nyasi kavu zikashika moto, na watu 85 wakafa katika mji wa Paradise na vitongoji vyake. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kuangalia ndoano zetu, kwa sababu tulikuwa tumening'iniza waya wa kisasa kwenye mifupa ya miaka ya sitini. Wenzetu Kenya, tarehe 11 Januari 2022, minara minne ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikazimika, na ilielezwa kuwa vyuma vya minara vilikuwa vimehujumiwa. Siku chache baadaye serikali yao ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Hakuna relei inayopima mguu wa mnara.

Foromani amestaafu, analima machungwa. Kile kipande cha kiini anacho kwenye kabati la vyombo, mkewe amekikatalia mezani. Namba ya mwalimu mkuu aliniachia mimi, naye amekuwa akipiga, mara nyingine kwa jambo, mara nyingine kwa salamu tu.

Wiki iliyopita alipiga saa kumi na mbili asubuhi. "Fundi, waya wenu unakaanga."

"Shikamoo Mwalimu. Kuna umande?"

"Marahaba. Umande upo. Lakini mbona haujawahi?"

Nilijua haitakuwa kitu. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu ya lile neno "sawa." Nilisimama chini ya mnara alioutaja, kofia mkononi, nikasikiliza. Ilikuwa ni sauti ndogo ya matone kwenye vifungo vya waya, ikaisha jua lilipopanda. Nikampungia mwalimu mkono kwamba hakuna neno, nikageuka kurudi kwenye gari, na njia ikanipitisha chini ya mnara unaofuata, ule usiokuwa na sauti. Kwenye mguu wa kaskazini, ndani ya majani marefu, vyuma vya mshazari vilikuwa vimekatwa kwa hakso, mikato bado inang'aa. Nilipiga magoti nikahesabu. Vinne havipo, cha tano kimefika nusu. Nikatoa daftari.